Njia Isiyokuwa Kwenye Ramani

Kwa miaka michache ya ujana wangu nilipata riziki kwa kumshikia mpima ardhi utepe. Kazi yenyewe haina fahari: unatangulia vichakani na panga, unafyeka pale anapotaka kuona, unaisimamisha fimbo wima mpaka akuinulie mkono, kisha unahamia kituo kinachofuata. Safari moja tulitumwa kwenye eneo ambalo mamlaka ya umma ilikuwa imekubaliana na mwenyewe kulinunua, ili liwe msitu wa hifadhi na mahali pa watu kutembea na kupumzika. Tulikuwa na nakala ya hati na ramani yenye pembe sita, maana yake bikoni sita, yaani mawe sita ya kuonyesha mpaka. Tano tulizipata kabla ya saa sita mchana. Ya sita ilitutesa mpaka jua likaanza kushuka, nasi tulipoifikia tuliikuta imezama katika majani, ukingo wake umelika na kuwa laini, kwa sababu kuna watu waliokuwa wakinolea visu juu yake kwa miaka mingi. Kando yake ilipita njia ya miguu, imechimbwa na nyayo hadi usawa wa kifundo. Njia hiyo haikuwa kwenye ramani, haikuwa kwenye hati, wala mthamini hakuitaja katika taarifa yake. Mpima aliitazama, akaitazama ramani, kisha akaniambia niandike nambari ya bikoni twende zetu.

Ninaikumbuka njia ile kila ninaposoma kwamba serikali, halmashauri au taasisi fulani imepata ardhi kwa ajili ya hifadhi na burudani ya umma. Taarifa za namna hiyo hutaja ukubwa wa eneo, bei, aina za ndege na idadi ya wageni wanaotarajiwa. Mara chache hueleza ardhi ilipatikanaje na nani alikuwa akiipita kabla ya kupatikana. Mimi nimefikia kuamini kwamba jambo hilo moja, yaani namna ardhi ilivyopatikana, lina uzito kuliko ubora wa mpango wa usimamizi unaoandikwa baadaye, kwa kuwa watu hulinda kwa miaka mingi kile walichokitoa kwa ridhaa, na hukumbuka kwa miaka mingi zaidi kile walichonyang'anywa.

Njia za kupata ardhi ya umma si nyingi. Mamlaka inaweza kununua kwa mtu anayeuza kwa hiari yake, kwa bei ya soko. Inaweza kupokea zawadi au wasia. Inaweza kupewa na sheria haki ya kuwa mnunuzi wa kwanza pale mwenye ardhi anapoamua kuuza. Inaweza kutwaa kwa lazima na kulipa fidia. Tena inaweza kuacha ardhi mikononi mwa mwenyewe na kununua kwake haki moja tu, ile ya kujenga na kugawa viwanja, ili shamba libaki shamba na msitu ubaki msitu hata likiuzwa mara kumi. Katika njia hii ya mwisho mthamini hufanya hesabu mara mbili: ardhi ingeuzwa kiasi gani ikiwa na ruhusa ya kujengwa, na ingeuzwa kiasi gani bila ruhusa hiyo. Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo bei. Mkulima hupata fedha bila kuhama, na umma hupata mandhari na maji safi bila kuajiri mtu wa kulima. Kasoro yake ni kwamba mara nyingi umma haupati ruhusa ya kuingia. Unalinda mahali ambapo hauwezi kukanyaga, na kwa yule aliyetaka mahali pa kutembea na watoto siku ya mapumziko, hilo ni nusu ya alichoomba.

Utwaaji wa lazima ndio unaosomeka vizuri zaidi kwenye karatasi. Unamaliza kazi kwa tarehe moja, unazuia mtu mmoja asikwamishe mpango wa watu milioni, na mpaka unatoka mnyoofu. Kwa barabara au bomba la maji, ambavyo haviwezi kupinda kila mahali mtu anapokataa, ninauelewa. Kwa hifadhi na bustani ninausitasitia, na sababu zangu ni za kihistoria.

Mwaka 1853 bunge la jimbo la New York lilipitisha sheria ya kuliruhusu jiji litwae ardhi katikati ya kisiwa cha Manhattan kwa ajili ya bustani kubwa ya umma, ile ambayo leo dunia nzima inaijua kwa jina la Central Park. Waliotaka bustani walizoea kulieleza eneo lile kama nyika ya mawe, madimbwi na vibanda vya wavamizi. Ndani yake, hata hivyo, kulikuwa na Seneca Village, makazi yaliyoanza mwaka 1825 pale Wamarekani weusi walio huru walipoanza kununua viwanja, nayo yakaja kuwa na nyumba za familia, makanisa, shule na makaburi. Umiliki huo haukuwa wa kujivunia tu. Katika jimbo lile, wakati ule, mwanamume mweusi hakuruhusiwa kupiga kura mpaka awe na mali isiyohamishika yenye thamani ya dola 250, sharti ambalo mzungu hakuwekewa. Kwa hiyo aliyepoteza kiwanja aliweza kupoteza na kura yake. Wenye hati walilipwa fidia, na baadhi yao walilalamika kwamba ilikuwa chini ya thamani. Kufikia mwisho wa mwaka 1857 makazi yalikuwa yameondolewa, na katika eneo zima la bustani watu wapatao 1,600 walihamishwa.

Sitaki kusema kwamba bustani ile haikupaswa kuwepo. Ina ekari 843, na ni vigumu kuwaza jiji lile bila hiyo. Ninachosema ni kwamba kwa zaidi ya miaka mia moja hadithi ya waliokuwa pale ilitoweka kabisa katika maelezo ya bustani, mpaka watafiti walipoirudisha. Wanaakiolojia walipochimba mwaka 2011 walikuta misingi ya nyumba, birika la chuma na kiatu cha ngozi. Neno «wavamizi» lilikuwa limefanya kazi yake vizuri: mtu akishaitwa mvamizi katika waraka wa kwanza, waraka wa pili hauna haja ya kuuliza aliishi vipi. Hata leo, ninapoona andiko la mradi linaloita ardhi «tupu» au «isiyotumika», huwa ninasimama hapo kwanza, maana nimewahi kuandika neno hilo mimi mwenyewe, kwa kalamu ya risasi, nikiwa nimesimama juu ya njia iliyochimbwa na nyayo.

Kenya inao mfano wake, na huo ulifika mbali zaidi kisheria. Mwaka 1973 eneo la Ziwa Bogoria lilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyamapori, na jamii ya Waendorois, wafugaji waliokuwa wakilisha, wakiilambisha mifugo yao chumvi na kufanya ibada zao kandokando ya ziwa hilo, wakaondolewa. Walihangaika mahakamani bila mafanikio, kisha wakapeleka shauri mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Uamuzi wa Tume, uliotangazwa mwaka 2010, ulikubali kwamba haki zao zilikiukwa, zikiwemo haki ya mali, ya utamaduni, ya dini na ya maendeleo, ukapendekeza warejeshewe ardhi yao ya asili, waruhusiwe kulifikia ziwa kwa ibada na malisho, na walipwe fidia. Kati ya tangazo na uamuzi ilipita miaka 37. Kuhamisha watu kwa tangazo la gazeti la serikali hugharimu karatasi. Gharama nyingine zote huja baadaye, na hulipwa na watu ambao hawakuwepo tangazo lilipoandikwa.

Msomaji anaweza kusema kwamba basi jibu ni rahisi: inunuliwe kwa hiari, kila mtu apokee bei yake, yaishe. Ningetamani iwe hivyo. Lakini kununua kwa hiari nako kuna tatizo ambalo kila dalali anakijua chanzo chake. Siku mamlaka inapotangaza kwamba inataka bonde zima, bei ya bonde zima hupanda kesho yake, na mwenye kiwanja cha mwisho hukaa kimya akisubiri. Ndiyo maana wanunuzi wa umma hushawishika kununua kwa siri. Na siri ina kodi yake.

Bonde la Jackson Hole katika jimbo la Wyoming, nchini Marekani, ndilo darasa ninalolirudia mara nyingi katika suala hili. Milima ya Teton ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1929, lakini mpaka uliishia chini ya milima na maziwa yake. Bonde lenyewe, ambako wanyama walishuka wakati wa baridi, lilibaki mikononi mwa wafugaji na wenye vibanda vya wageni. Tajiri John D. Rockefeller Mdogo alikuwa amelitembelea na kuamua kulinunua ili aje kuikabidhi serikali. Mwaka 1927 ilianzishwa kampuni iliyoitwa Snake River Land Company, jina lisilofichua chochote, nayo ikaanza kununua mashamba moja baada ya jingine. Walionunuliwa hawakulazimishwa na mtu. Wengi wao walikuwa na madeni na walifurahi kupata mnunuzi. Kwa dola milioni 1.4 hivi kampuni ilikusanya takriban ekari 35,000.

Mwaka 1930 ilipojulikana nani yuko nyuma ya kampuni na kwa nini, bonde liliwaka. Bei hazikuwa mbaya, na kamati ya Baraza la Seneti iliyochunguza ununuzi ule mwaka 1933 haikupata uvunjaji wa sheria. Kilichowaudhi watu ni kwamba walikuwa wameuza bila kujua wanashiriki katika nini. Kila mmoja alidhani ameuza shamba lake, kumbe wote kwa pamoja walikuwa wameuza bonde. Serikali ya wilaya nayo ilikuwa na hoja ya kawaida kabisa, kwamba ardhi ikishakuwa ya serikali kuu hailipi tena kodi, na shule na barabara hujengwa kwa kodi hiyo. Kwa zaidi ya miaka kumi ekari zile zilikaa bila kupokelewa, kwa sababu wanasiasa wa jimbo walizuia kila muswada. Rockefeller alipochoka na kuandika kwamba huenda akaziuza, Rais Franklin Roosevelt alitangaza bonde kuwa eneo la urithi wa taifa mwaka 1943 bila kupitia bunge, na wafugaji wakajibu kwa kuswaga ng'ombe kulivuka wakiwa wamebeba bunduki, huku wapiga picha wakiwa wameitwa. Zawadi ilikabidhiwa mwaka 1949, na mwaka 1950 sheria ikaliunganisha bonde na hifadhi ya milima.

Ukiisoma sheria hiyo ya mwaka 1950 utaona bei halisi ya siri. Wilaya ililipwa fidia ya kodi iliyopotea kwa muda wa miaka kadhaa. Wafugaji waliokuwa na ruhusa ya malisho waliachiwa wao na warithi wao wa karibu. Na kuliwekwa kifungu kinachomzuia rais kutangaza tena eneo la namna ile katika Wyoming bila idhini ya bunge, kifungu ambacho kipo mpaka leo. Malisho na kodi vingeweza kuzungumzwa mezani mwaka 1927, vikagharimu mazungumzo tu. Nakiri kwamba huenda bei zingepanda na bonde lisingekamilika. Hilo siwezi kulikataa kwa moyo mweupe, na anayelitazama bonde lile leo likiwa wazi kutoka mto hadi kilele anayo haki ya kusema siri ililipa.

Kinyume chake ni kisa cha Epping, msitu ulio kaskazini mashariki mwa London, ambao ulikuja mikononi mwa umma kupitia watu waliokuwa wakikata matawi. Wakazi wa kijiji cha Loughton walikuwa na haki ya zamani ya kukata matawi ya miti kwa ajili ya kuni kila majira ya baridi. Haki hiyo haikuwa umiliki. Udongo ulikuwa wa mabwana wa ardhi, ambao katika karne ya 19 walianza kuuzungushia uzio na kuuuza kwa wajenzi, kwa kuwa London ilikuwa ikipanuka. Thomas Willingale, mkata kuni wa kijiji hicho, aliendelea kukata palipozungushiwa uzio, na mwaka 1866 vijana wa ukoo wake walifungwa jela kwa kosa hilo. Kesi yake mwenyewe ilikufa pamoja naye mwaka 1870 kabla ya kuamuliwa.

Hapo ndipo kinapoingia kipengele ninachokipenda kuliko vyote katika historia ya jambo hili. Serikali ya Jiji la London ilikuwa imenunua shamba karibu na msitu katika miaka ya 1850 kwa ajili ya makaburi. Shamba hilo lilikuja na haki ya malisho msituni, kama yalivyokuwa mashamba mengine ya jirani. Kwa hiyo Jiji, likiwa na makaburi yake mkononi, lilikuwa jirani mwenye haki sawa na mfugaji yeyote, na mwaka 1871 likawashtaki mabwana wa ardhi kwa hoja kwamba haki ya malisho ya kila jirani inaenea msitu mzima, hivyo uzio popote pale unamzuia. Mahakama ilikubali mwaka 1874. Uzio uliokwisha kuwekwa ulionekana kuwa batili, na thamani ya udongo uliobaki mikononi mwa mabwana wale, udongo ambao hawakuweza tena kuujengea, ikashuka. Jiji lilinunua kilichobaki, na sheria ya mwaka 1878 ikaamuru kwamba msitu ubaki wazi, bila uzio na bila majengo, kwa starehe ya watu.

Wakata matawi, waliouanzisha ugomvi, ndio walioambiwa waache kukata. Wenye kulinda msitu waliona ukataji unaiharibu miti, na sheria ikaizima haki ile kwa fidia. Sehemu ya fidia ilijenga ukumbi wa wanakijiji, uliofunguliwa mwaka 1884 na kuitwa Lopping Hall, yaani ukumbi wa ukataji matawi, na bado umesimama. Sijui niite hilo haki au dhihaka. Pengine ni yote mawili. Angalau kuna jengo ambalo kila anayeuliza asili ya jina lake lazima asimuliwe msitu ulipatikanaje.

Suala la fedha nitalipita kwa kifupi, ingawa ndilo linalojadiliwa zaidi. Marekani ilianzisha Mfuko wa Uhifadhi wa Ardhi na Maji kwa sheria ya mwaka 1964, na tangu mwaka 1968 sehemu kubwa ya mapato yake hutoka kwenye malipo ya kampuni zinazochimba mafuta na gesi baharini. Wazo ni la kihasibu na ni zuri: unapotumia mali ya asili ambayo haitarudi, sehemu ya pato inunue mali ya asili itakayobaki. Utekelezaji ulikuwa mbovu. Mfuko uliruhusiwa kupata hadi dola milioni 900 kwa mwaka, lakini kwa miongo kadhaa bunge lilikuwa likitenga pungufu na kuelekeza fedha kwingine, mpaka sheria ya mwaka 2020 ilipofanya kiasi hicho kitolewe kila mwaka bila kuombwa upya. Kwa mnunuzi wa ardhi, fedha inayokuja kwa uhakika ina thamani kuliko fedha nyingi inayokuja kwa kushtukiza. Mzee mwenye shamba anapofariki, warithi huuza ndani ya miezi, hawasubiri bajeti.

Katika mfuko huo kuna kifungu ambacho hakisifiwi inavyostahili. Jimbo au mji unaopokea ruzuku ya mfuko kununua au kuendeleza kiwanja cha burudani hauruhusiwi kukibadilisha matumizi bila idhini ya serikali kuu, na hata ukipewa idhini lazima utoe badala yake ardhi nyingine yenye thamani isiyopungua na yenye manufaa yanayolingana. Ufaransa ilikwenda mbali zaidi. Taasisi yake ya kulinda pwani, Conservatoire du littoral, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, ina haki ya kuwa mnunuzi wa kwanza katika maeneo yaliyopangwa, na inachonunua kwa ajili ya hifadhi hakiuzwi tena isipokuwa kwa utaratibu mzito wa ngazi ya juu kabisa ambao ni nadra kufikiwa. Usimamizi wa kila siku huachiwa serikali za mitaa na walinzi wao, jambo linalomaanisha kwamba anayefunga lango jioni ni mtu wa hapo hapo.

Kufuli za namna hiyo si anasa, kwa sababu ardhi ya umma hupotea kwa urahisi kuliko inavyopatikana. Kuinunua kunahitaji mpima, mthamini, wakili, bajeti na kikao. Kuipoteza kunahitaji sahihi. Msitu wa Karura, wenye takriban hekta 1,000 ndani ya Nairobi, ulikuwa msitu wa serikali tangu mwaka 1932, haukuhitaji kununuliwa na mtu. Lakini katika miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa watu binafsi kimyakimya, mpaka mitambo ya wajenzi ikaonekana ndani. Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti mahali palipofyekwa, na tarehe 8 Januari 1999 wakapigwa langoni na walinzi. Leo watu hukimbia, huendesha baiskeli na hutembea katika msitu ule, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema kwamba ardhi ya umma haiwezi kutolewa wala kutumiwa vinginevyo isipokuwa kwa mujibu wa sheria ya Bunge. Tofauti kati ya Karura na viwanja vingi vilivyopotea ni kwamba Karura ilikuwa na watu waliojua kuwa ni yao kabla ya kuambiwa.

Narudi New York, kwa sababu jiji lilelile lilipata nafasi ya pili. Jiji hilo hunywa maji yatokayo katika mabonde ya milima ya Catskill na mto Delaware, umbali unaofika takriban kilomita 200 kutoka mabomba yake, na kiasi kikubwa cha maji hayo hakipitii mtambo wa kuchuja. Mabwawa yake yalijengwa katika karne ya 20 kwa kutwaa mabonde kwa lazima na kuzamisha vijiji, na wajukuu wa waliohamishwa bado wanaishi milimani juu ya mabwawa hayo. Serikali kuu ilipolitaka jiji ama lijenge mtambo wa gharama kubwa ama lithibitishe kuwa linalinda vyanzo, jiji likahitaji ardhi zaidi katika wilaya zilezile zilizokuwa zikilichukia. Mkataba uliosainiwa mwaka 1997 kati ya jiji, jimbo na miji ya milimani uliweka masharti ambayo ningependa kila ofisi ya ardhi iyabandike ukutani: mpango ule ungenunua kwa wenye kuuza kwa hiari tu, kwa bei ya soko, bila utwaaji wa lazima, jiji lingeendelea kulipa kodi ya ardhi kwa wilaya husika, na kuna maeneo ya makazi ambayo miji ingeweza kuyaondoa katika ununuzi ili ibaki na nafasi ya kukua. Sehemu kubwa ya ardhi iliyonunuliwa imefunguliwa kwa watu kutembea, kuvua na kuwinda.

Manung'uniko hayajaisha. Bado wapo wanaosema jiji linanunua mustakabali wao kipande kwa kipande, na hoja hiyo si ya kupuuzwa, maana hiari ya mtu mmoja kuuza si hiari ya kijiji kizima kubaki bila vijana. Hata hivyo manung'uniko hayo yana meza ya kukaliwa na mkataba wa kunyooshewa kidole.

Hayo yote niliyasoma baadaye sana. Wakati ule nilikuwa kijana wa utepe, na eneo letu la pembe sita lilinunuliwa vizuri kabisa: muuzaji aliridhika, bei ilikuwa ya haki, hati ikahamishwa, uzio ukawekwa kufuata bikoni. Mwaka uliofuata tuliitwa tena kwa sababu uzio ulikuwa ukikatwa. Ulikatwa, ukashonwa, ukakatwa tena palepale, hatua chache kutoka bikoni ya sita. Aliyesimamia eneo alizungumza juu ya wahalifu na kuomba bajeti ya walinzi. Mpima wangu, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alimwuliza kama amewahi kukaa pale asubuhi na mapema. Hakuwahi. Tulikaa sisi. Kabla jua halijapanda walipita watu kumi na tisa, niliwahesabu, wengi wao wanawake wenye ndoo na watoto wenye sare za shule, na kila aliyefika kwenye uzio aliinama, akapita, akaendelea na mazungumzo yake kana kwamba waya ule ulikuwa tawi lililoanguka.

Siku ile mpima alichora njia. Alinituma na utepe tangu ilipoingia mpaka ilipotokea, mita mia nne na kitu, akaichora kwenye ramani kwa mistari ya kukatikakatika na kuandika pembeni kwamba ipo na inatumika. Ilichukua miezi mingi na barua nyingi, lakini hatimaye paliwekwa lango dogo la kuzunguka, la aina ambayo mtu hupita na ng'ombe hapiti, na uzio haukukatwa tena. Nilipita hapo miaka kadhaa baadaye nikiwa na shughuli nyingine. Miti ilikuwa imekua, kulikuwa na viti viwili vya mbao, na mzee mmoja amekaa akisoma gazeti. Niliitafuta bikoni kwa mguu katika majani, nikaikuta, nikainama kuitazama. Ukingo wake ulikuwa unang'aa. Mtu alikuwa amenoa kisu juu yake si muda mrefu uliopita.